Sanduku Lililongoja Kuitikiwa

Siku ya tisa sanduku halikuandika kitu.

Tata, dada wa mama yetu, alinipigia simu saa kumi na mbili na robo asubuhi, na nilijua habari kabla sijaiweka sikioni, maana yeye hapigi simu asubuhi. Huiwasha, husoma ujumbe mmoja, huizima. Umeme haujafika kwake, na kuichaji ni mpaka mtu apande Karurumo siku ya soko.

"Limenyamaza," alisema.

"Tata, ngoja kidogo, pengine ni mtandao."

"Nimengoja. Watu wako hapa na mitungi. Mimi napanda."

Nikasikia fimbo yake ikigonga jiwe, mara moja, kisha akakata.

Nilikuwa Embu mjini, mtaa wa Dallas, katika nyumba ya kaka yangu, nimekaa kando ya meza iliyojaa nyaya. Chai ilipoa mbele yangu. Nilikijua kilima alichokuwa akikipanda hatua kwa hatua: changarawe inayoteleza, kisha miiba, kisha lile jiwe la mwisho ambalo mtu mzima hulipanda kwa mikono na magoti. Tata alikuwa na nyonga iliyosagika. Daktari alikuwa amemwambia, mbele yangu, kwamba akianguka pale hatasimama tena.

Tangi la maji la kikundi chao liko juu ya kilima hicho, kule chini kwenye nchi kavu ya Mbeere. Maji hutoka nyanda za juu kwa bomba, hujaa tangini polepole, na kila asubuhi mwenye ufunguo hufungua koki iliyo chini ya kilima ili yateremke mpaka kwenye mfereji wa kuchotea na nyumba za wanakikundi. Lakini sheria yao ni moja: hafungui kabla hajayaona maji. Ukifungua tangi likiwa limeshuka chini ya mstari mwekundu, bomba hunyonya hewa na matope, na nyumba za mwisho hukaa juma zima bila tone. Iliwahi kutokea. Naibu aliyeachiwa ufunguo alisema amepanda, na hakuwa amepanda. Juma lile watu walichota kwenye mashimo ya mchanga mtoni, pamoja na mbuzi, na jirani wa Tata akazika mtoto.

Tangu hapo ufunguo ulikaa shingoni mwa Tata, kwenye kamba ya katani, na kila alfajiri alipanda. Hakumwachia mtu. "Mtu anaweza kuniambia amepanda," alisema. Kwa sababu hiyo alikataa kupasuliwa. Nafasi ya upasuaji ilikuwa imeombwa katika hospitali moja Meru, na baadaye angekaa siku arobaini kwa mama yetu, mtaa wa Kaaga, akijifunza kutembea upya. Siku arobaini bila kupanda. Aliambiwa na mama, akaambiwa na mchungaji, akaambiwa na mwenyekiti wa kikundi. Akawasikiliza wote kwa adabu, na kesho yake akapanda.

Ndipo kaka yangu alipofikiria sanduku.

Kaka ni fundi wa mitambo midogo. Alichukua chipu moja, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, akaiunganisha na jicho linalopima umbali wa maji kwa mwangwi, kama popo, na redio ndogo yenye laini ya simu. Vyote akavifunga ndani ya sanduku lisilopitisha mvua, pamoja na mawe matatu ya betri yenye ukubwa wa kidole. Hakuweka sola. Sola ingeonekana kutoka barabarani, na isingemaliza juma bila kuibwa. Kila asubuhi saa kumi na mbili chipu ingeamka, ingetazama maji, ingeipa redio ujumbe, redio ingeutuma, na vyote vingelala mpaka kesho.

Tata alilizungushazunguka mikononi siku tulipompelekea. Alipenda jambo moja tu. "Hili haliwezi kunidanganya kwamba limepanda," alisema. "Linakaa huko huko."

Kisha akatoa sharti. Likikaa juu ya kilima siku ishirini na moja bila mtu kuligusa, bila kukosa asubuhi hata moja, angeenda Meru. Likishindwa, tungelijaribu mara ya pili. "Likishindwa mara mbili, mnaniacha. Hamtaniletea tena maneno ya kisu."

Mimi niliingia kwa sababu ya maneno. Kwetu ujumbe usio na salamu ni ujumbe wa msiba. Mtu akikuandikia moja kwa moja, bila kukuuliza umeamkaje, unakaa chini kwanza ndipo usome. Ujumbe wa kwanza wa majaribio ulikuwa umemfikia Tata hivi: KIWANGO 71. Alishika moyo. Akafikiri ni kitanda cha hospitali, akafikiri ni mama yetu.

"Wewe si unaandika riwaya?" kaka aliniambia. "Basi liandikie hili adabu."

Nikaliandikia. Nilikuwa nimejifunza kidogo kuandika programu, kwa kukaa naye tu, jinsi mtu anavyojifunza kukamua kwa kukaa karibu na anayekamua. Nililipa sanduku sentensi nzimanzima. Lilimwuliza Tata ameamkaje. Lilimwambia maji yamefika wapi, kwa lugha anayoielewa: yamepita mstari kwa mikono miwili, au kwa shubiri moja. Lilimtakia siku njema. Nilijivunia kazi ile kuliko nilivyojivunia kurasa nyingi nilizowahi kuchapisha.

Tulipomwonyesha, alisoma polepole, midomo ikitembea. Kisha akaniuliza, si kaka, mimi:

"Na nikiitikia, linasikia?"

Kaka alikuwa nje akitafuta ngazi. Ukweli ulikuwa hapana. Lakini nilimtazama yule mama, na simu yake kwenye kiganja kilichopasuka, na sikuweza kumwambia kwamba nimeleta nyumbani kwake kitu kinachosalimu na kuziba masikio.

"Linasikia, Tata."

Mchana ule ule, kabla ya kulipandisha, nilifungua kompyuta na kuufanya uongo wangu kuwa kweli. Niliongeza mistari michache. Sanduku likimaliza kumsalimu Tata, lingesubiri jibu lake. Likilipata, lingelala, na kesho yake lingemwambia: jana ulisema umeamka salama, nimefurahi. Sikumweleza kaka. Niliona ni jambo dogo.

Basi, siku ya tisa, sanduku likanyamaza, na Tata akapanda.

Alishuka salama. Alinipigia saa tatu, akihema. "Lile sanduku lenu ni zima kwa macho, lakini limekufa," alisema. "Kama kuku wa kideri." Hakucheka.

Kaka alilileta Dallas, akayatoa mawe yale matatu na kuyapima. Yalikuwa makavu. Yangepaswa kukaa miezi.

"Ni maneno yako," alisema.

"Maneno gani?"

"Haya." Akafungua programu, akaanza kusoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. "'Umeamkaje, Tata, mlinzi wa maji yetu.' Mlinzi wa maji yetu! Mheshimiwa mwandishi, unajua kila herufi hapa inakunywa?"

Akanieleza, kwa hasira, lakini alinieleza vizuri. Chipu na redio havisemezani kwa mdomo. Kati yao kuna nyaya mbili nyembamba, na ndani yake herufi hupita moja moja kwa foleni, kama watu mlangoni pa kanisa. Mafundi huuita mlango wa siriali. Mlango huo ukiwa wazi, chipu haiwezi kulala sawasawa, kwa sababu saa inayohesabu mpigo wa herufi lazima iendelee kugonga, na redio nayo hukaa macho. Kwa hiyo fundi mwenye akili husema machache, husema haraka, na hufunga.

"Wewe umelifundisha hotuba," alisema.

Nilikata. Sijui kama msomaji amewahi kukata kitu alichokipenda huku mtu mwingine akihesabu herufi. Mlinzi wa maji yetu akaondoka. Siku njema ikaondoka. Ikabaki: Umeamkaje Tata. Maji mikono 2. Kaka naye akaharakisha foleni, herufi zikawa zinapita mara kumi na mbili haraka kuliko mwanzo. Tukalijaribu mezani, likafanya kazi vizuri: linaamka, linatuma, mimi najibu kimzaha kwenye simu yangu, linalala. Mita ya umeme ilishuka mpaka karibu na sifuri, kila mara. Tukalirudisha kilimani na mawe mapya.

Siku ya tano likaandika. Siku ya nane. Siku ya tisa niliamka kabla ya jogoo, na likaandika. Siku ya kumi likaandika, nikaanza kupumua. Siku ya kumi na moja halikuandika.

Safari hii Tata hakunipigia. Alimpigia mama yetu, Kaaga, na mama akatupigia sisi. "Amepanda tena," mama alisema. "Ameteleza. Hapana, hajavunjika, amechubuka kiwiko tu. Anasema niwaambie asante kwa kujaribu."

Asante ile ilitukalia kifuani kama jiwe la kusagia. Kwa siku mbili mimi na kaka hatukusemezana ila kwa mambo ya chumvi na funguo. Alikuwa na hakika kosa ni langu na hakujua liko wapi. Mimi nilikuwa na hakika kosa ni lake, kwa sababu nilikuwa nimeshakata maneno yote, na mtu aliyekwisha kujikata hudhani amekwisha kulipa.

Siku ya tatu, mchana, kaka aliliweka sanduku mezani tena na kuingiza mita katikati ya betri na chipu, ili kila tone la umeme lipite mbele ya macho yake. Akaliamsha. Lilitazama maji ya beseni tuliyoyaweka chini yake. Likatuma. Simu yangu ikalia, ikawa ni ujumbe wa sanduku. Kabla sijajibu ikalia tena, na safari hii alikuwa mama.

Nilitoka nayo barazani. Mama alikuwa anazungumza haraka. Hospitali imempa Tata tarehe: siku kumi na saba kutoka leo. Asipofika, nafasi inakwenda kwa mwingine, na inayofuata ni baada ya mvua ndefu. "Na wewe unajua kilima kile wakati wa mvua," mama alisema. "Mwambieni. Mimi ameshaacha kunisikiliza."

"Tata alisema mara mbili, Mama."

"Najua alichosema. Ni dada yangu."

Ndani ya nyumba kaka alipiga kelele. "Kuja uone! Kuja uone huu wizi!"

Niliingia na simu mkononi. Namba kwenye mita haikuwa imeshuka. Miliampea ishirini na nne, imesimama pale kama mtu aliyesahaulika mlangoni. Ujumbe ulikuwa umeshaenda dakika kumi zilizopita.

"Mbona hakuna kulala?" kaka alisema. "Lilikuwa linalala. Juzi lilikuwa linalala, si tuliliona wote? Nini kimebadilika?"

Nilitazama simu yangu. Ujumbe wa sanduku ulikuwa bado haujajibiwa.

Nilielewa yote kwa mara moja, tangu mwanzo mpaka mwisho, jinsi nisivyowahi kuelewa riwaya yangu hata moja. Hapa mezani anayejibu nilikuwa mimi, palepale, kwa mzaha. Kule chini anayejibu ni Tata, na Tata husoma ujumbe saa kumi na mbili, kisha anazima simu ili betri yake isiishe, anafungua koki, anakamua, anapeleka mbuzi, na mpaka alasiri, akishakaa kivulini, ndipo anaiwasha amwitikie mgeni wake wa kilimani kwa utulivu, kama mtu mwenye heshima. Na siku nzima, kwa muda wa saa nane au tisa, mlango wa siriali uko wazi, redio iko macho, chipu iko macho, vyote vimetega sikio. Alikuwa anatunza betri yake, na sanduku langu lilikuwa linamaliza yake kwa kumngoja.

"Ni mimi," nilisema.

"Nini?"

"Nililiambia lisilale mpaka liitikiwe."

Kaka aliniangalia. Nikamwonyesha mistari. Aliisoma mara mbili, na nilitamani apige kelele, lakini alisema taratibu sana. "Mimi nimekata saa za herufi. Nimehesabu vitone. Na wewe ulifungua mlango, ukaushikilia kwa jiwe, ukaenda zako."

"Aliniuliza kama linasikia."

"Ungesema hapana!"

"Ungesema wewe?"

Akachukua bisibisi, akaiweka, akaichukua tena. Baadaye alianza kufanya kazi, na mimi nikakaa kando yake kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kukaa.

Dawa yenyewe ilikuwa rahisi hadi ikanitia aibu. Ujumbe wa simu haupotei kwa kuwa mpokeaji amelala. Mtandao huutunza kama posta. Sanduku lingeweza kumsalimu Tata, kufunga mlango na kulala hapo hapo. Jibu lake la alasiri lingekaa mtandaoni usiku kucha, na likiamka alfajiri lingelipokea kwanza, ndipo liandike lake. Tata asingepoteza kitu. Alichokuwa akikisikia asubuhi kilikuwa cha jana tangu mwanzo.

Tukafunga mlango. Mita ikashuka, lakini haikufika chini. Ilibaki pale na tone dogo, chini ya miliampea mbili, linalovuja sijui kutoka wapi. Kaka alilitafuta tangu saa nane mpaka jua likaanza kulala kwenye mabati. Mwishowe akaligundua katika zile zile nyaya mbili. Redio ilikuwa imezimwa, lakini waya wa kuzungumza ulikuwa umeachwa ukiwa na nguvu, na redio iliyozimwa ilikuwa inanyonya kupitia huo waya, kama moshi unaopenya chini ya mlango uliofungwa. Akaongeza mistari miwili: kabla ya kuzima redio, teremsha nyaya. Mita ikashuka mpaka ikaonyesha sifuri, na sifuri, na moja ndogo mwishoni. Tuliitazama kwa muda mrefu.

"Hatuna haja ya kumwambia ni kwa nini," kaka alisema bila kunitazama. "Tuseme tumerekebisha."

"Alisema mara mbili. Tukimwambia tumerekebisha, atasema tulimwambia hivyo hata mara ya kwanza."

"Na ukimwambia wewe ndiwe uliyelifanya likeshe?"

"Sijui."

Tulimkuta Tata anapeta ndengu uani. Kiwiko kilikuwa na kitambaa. Alitukaribisha, akatuletea uji, akatuuliza habari za mama na za barabara, na katika hayo yote hakulitazama sanduku lililokuwa miguuni pa kaka, hata kwa bahati mbaya. Kaka alianza kueleza habari za nyaya. Nikamkatiza. Nilimwambia Tata kwamba siku ile aliponiuliza kama linasikia, halikuwa likisikia. Kwamba nilisema uongo, kisha nikaufunika kwa mistari ambayo kaka hakuijua. Na kwamba mistari hiyo ndiyo iliyoua betri mara mbili na kumpandisha yeye kilimani.

Ungo ulisimama.

"Kumbe lilikuwa linaningoja mimi," alisema.

"Ndiyo, Tata."

"Kutwa?"

"Mpaka ujibu."

Alipeta tena, mara tatu, nne, maganda yakaruka. "Siku moja nilikwenda mazishini Runyenjes," alisema. "Sikujibu mpaka kesho yake." Kaka alikunywa uji ambao tayari ulikuwa umekwisha.

"Lipandishe," alimwambia kaka hatimaye. "Lakini siku ni zile zile. Ishirini na moja."

"Tata, tarehe ya hospitali ni siku kumi na nne kutoka leo."

"Mimi nilisema ishirini na moja kabla hospitali haijasema kitu."

Hapo tuliachana. Sanduku likapanda. Ndani ya ujumbe kaka aliongeza namba moja mwishoni, nguvu ya betri, ili Tata aone mwenyewe kama inashuka, na nakala akaielekeza kwenye simu yangu. Alizielewa namba hizo kuliko tulivyotarajia. Siku ya tano alimpigia kaka. "Haijasogea," alisema. "Au umeliambia liseme hivyo?" Kaka alicheka kwa woga. Siku ya tisa sanduku liliandika. Siku ya kumi na moja liliandika, na mama alinipigia akilia kidogo, kisha akakasirika kwamba amelia. Siku ya kumi na mbili. Namba ilikuwa imeshuka kwa tarakimu moja ya mwisho tu.

Siku ya kumi na tatu, alasiri, tulifika kwake na gari la kuazima. Kama angekubali, yeye na kaka wangeondoka alfajiri. Begi halikuwa limefungwa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, fimbo juu ya magoti, ufunguo shingoni.

"Kumi na tatu si ishirini na moja," alisema kabla hatujakaa.

Kaka alijaribu hesabu. Akamwambia kwa mwendo huu betri itakaa mwaka. Akamtolea mita, akataka kumwonyesha sifuri. Tata aliipokea kwa heshima, akaitazama, akamrudishia.

"Hii ni yako," alisema. "Mimi sijui kuisoma, na wewe hujui kuzika. Nyamaza kidogo."

Kisha akanigeukia. Mbuzi mmoja alikuwa anakohoa nyuma ya nyumba, na nilimsikia kila alipokohoa.

"Wewe," alisema. "Kuna kitu kingine uliweka humo ndani, bila kutuambia?"

Niliutafuta ukweli kwa haraka ya mtu anayetafuta funguo gizani. Nilipita kila mstari. Nilipita kila sentensi niliyokata na kila niliyoibakiza. Niliogopa kusema hapana, kwa kuwa mara ya mwisho aliponiuliza swali nilisema haraka.

"Hakuna, Tata. Kilichobaki ni salamu, maji, na betri. Kaka amesoma kila mstari. Na mimi nimesoma kila mstari wake."

"Na ukikuta kimoja kesho?"

"Nitakupigia. Hata kama umelala kwenye kitanda cha hospitali."

Alivua kamba shingoni. Haikutoka kwa urahisi, ilinasa kwenye kilemba, na hatukuthubutu kumsaidia. Akauweka ufunguo mkononi mwangu, ukiwa na joto lake.

"Utakaa hapa juma la kwanza. Jirani atakufundisha koki, halafu nitamwachia yeye. Utafungua kwa ujumbe wa sanduku. Hutapanda. Ukipanda kuangalia, watu watakuona, na nitajua hamliamini. Basi nitashuka kitandani hata kwa mguu mmoja."

Waliondoka alfajiri, na siku hiyo jirani ndiye aliyefungua koki, mimi nikitazama. Operesheni ilikuwa kesho yake.

Asubuhi hiyo ya operesheni nilisimama chini ya kilima tangu saa kumi na moja na nusu. Watu walikuja na mitungi ya njano, punda wawili, mkokoteni mmoja. Saa kumi na mbili ikafika. Simu haikulia.

"Haya, fungua basi," mama mmoja alisema. "Ama unangoja barua?"

"Anangoja mashine imruhusu," mwingine alimjibu, wakacheka.

Saa kumi na mbili na dakika tano. Nilimpigia kaka. Alikuwa korido ya hospitali. "Usipande," alisema kabla sijasema neno.

"Halijaandika."

"Nimesikia. Usipande, na usifungue."

Dakika kumi. Kicheko kilikwisha. Jirani wa Tata, yule aliyezika, alikuwa amesimama mbele kabisa na mtungi mmoja mdogo. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umeshakanyaga changarawe ya kwanza ya njia, sijui tangu lini. Niliurudisha. Niliwaza kila mstari tena. Niliwaza baridi ya kilimani, mawe matatu ya betri, sisimizi kwenye nyaya. Niliwaza Tata akisukumwa kwenye kitanda chenye magurudumu, na mimi nilivyosema hakuna, Tata.

Dakika kumi na saba, simu ikatetemeka kiganjani.

Umeamkaje. Maji mikono 3. Betri ilikuwa pale pale. Ni mnara wa mtandao wa sanduku, si wa simu yangu, uliokuwa umelala, baadaye kaka aliniambia, na sanduku lilijaribu mara nne na kufunga mlango kila mara, kama lilivyofundishwa.

Nilishika koki. Ilikuwa nzito kuliko nilivyofikiri. Tata aliizungusha miaka yote kwa nyonga ile. Jirani aliweka mtungi chini, akashika upande wa pili, tukaizungusha pamoja. Bomba likakoroma, kisha likatulia, na maji yakapita chini ya nyayo zetu kuelekea nyumba za mwisho.

Mama alipiga simu mikono yangu ingali na kutu.

"Wamemwingiza," alisema.

"Ameuliza maji?"

"Nilingoja aulize. Nilikuwa nimejitayarisha na uongo. Hakuuliza kitu. Alikuwa anamwuliza daktari kama atamruhusu kula ndengu."